Kompyuta Ikifundishwa Kinyume

Shoke onjo ninyumba.

Kama ulikulia Unguja, Tanga au mtaa wowote wa pwani ambako watoto wana siri na wazazi wana masikio, maneno hayo hayakupi shida. Kesho njoo nyumbani. Unachukua silabi ya mwisho ya kila neno, unaitanguliza mbele, basi: kesho inakuwa shoke, njoo inakuwa onjo, nyumbani inakuwa ninyumba. Mchezo huu unaitwa kinyume, na umri wake si mdogo. Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekusanya hadithi za Unguja, alitia mifano ya kinyume katika kitabu chake Swahili Tales kilichotoka mwaka 1870.

Nilikumbuka kinyume jioni moja nikiwa na vijana wachache ninaowafundisha kuandika programu za kompyuta. Tulikuwa tumefika ile sura ambayo kila kitabu cha wanaoanza kinayo, sura ya kuchezea maneno. Geuza neno, mkia uwe kichwa. Hesabu irabu. Angalia kama neno linasomeka vilevile kutoka pande zote mbili. Vijana wakafanya kama walivyoambiwa, kwa maneno ya Kiingereza yaliyokuwa kitabuni, wakamaliza, wakaanza kuchungulia simu zao. Hakuna aliyeuliza swali. Waliowahi kusimama mbele ya darasa wanajua ukimya wa namna hiyo una maana gani.

Nikafuta ubao, nikaandika: tengenezeni programu ya kusema kinyume. Siku hiyo tulifunga mlango saa nne usiku, na bado watu walikuwa wanabishana.

Kabla ya kueleza walichobishania, tuelewane kwanza kompyuta inaona nini inapopewa neno. Neno lenyewe hailioni. Inaona namba zilizopangwa mstari. Wamarekani walitoa jedwali linaloitwa ASCII mwaka 1963, na mwaka 1967 wakalitoa upya likiwa na herufi ndogo, ambazo toleo la kwanza halikuwa nazo. Ni nafasi 128 tu, kila alama na namba yake. A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, nafasi tupu kati ya maneno ni 32, tarakimu 0 ni 48. Andika ndizi kwenye kibodi. Ndani ya mashine kunaingia 110, 100, 105, 122, 105. Mfuatano huo ndio waandishi wa programu wanaouita stringi. Mimi nitauita mfuatano, maana ndivyo ulivyo.

Ukishalijua hilo, vituko vingi vya kompyuta vinaeleweka. Kwa nini orodha ya wanafunzi inamweka Zuberi juu ya asha? Kwa sababu aliyeiandika alisahau herufi kubwa kwenye jina la pili, na Z kubwa ni 90 wakati a ndogo ni 97. Mashine haijui alfabeti. Inajua kuwa 90 ni ndogo kuliko 97. Kwa nini namba za simu zinazoanza na 07 zikitiwa kwenye jedwali la hesabu zinabaki na 7 peke yake mbele? Kwa sababu jedwali limezichukua kama kiasi cha kuhesabika, na sifuri ya mbele haina thamani katika kiasi. Namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi. Ni mfuatano uliovaa tarakimu. Kwa upande mwingine, ukichukua "7" na "1" zikiwa mifuatano ukaziunganisha kwa alama ya kujumlisha, utapata "71", na kijana anayeanza atakaa nusu saa akitafuta ile 8 imekwenda wapi.

Jambo jingine linalowasumbua wanaoanza ni kwamba nafasi katika mfuatano zinahesabiwa kuanzia 0. Katika ndizi, n iko nafasi ya 0 na i ya mwisho iko nafasi ya 4. Mholanzi Edsger Dijkstra, mmoja wa wakubwa wa fani hii, aliandika waraka mfupi mwaka 1982 kutetea utaratibu huo. Sisi kwa kweli hatuna haki ya kulalamika. Simu inaonyesha 07:00 na sote tunasema saa moja bila kupepesa macho. Tumeishi na hesabu mbili za muda tangu utotoni na hatujawahi kuchelewa basi kwa sababu hiyo. Niliwapa vijana hilo nalo kama zoezi: programu ipewe "07:45" ijibu saa mbili kasorobo. Unaukata mfuatano kwenye zile nukta mbili, unageuza kila kipande kuwa namba, unatoa 6 kwenye saa, na ukipata sifuri au chini ya sifuri unaongeza 12. Ukipita 12 unatoa 12. Halafu kazi tamu inaanza: kasorobo inataka saa inayofuata, nusu na robo zinataka maneno yake, na 00:30 lazima itoke saa sita na nusu usiku. Jaribu uone.

Turudi kwenye kinyume. Tulitumia Python, lugha ya programu iliyotolewa na Mholanzi mwingine, Guido van Rossum, mwaka 1991. Ndani yake unaweza kukata kipande cha neno kwa mabano ya mraba. Binti mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyemaliza kwanza, na alimaliza kwa mstari mmoja:

neno[-2:] + neno[:-2]

Maana yake: chukua herufi mbili za mwisho, ziweke mbele, kisha ubandike zilizobaki. Akaipa chakula, ikajibu lachaku. Akaipa kalamu, ikajibu mukala. Darasa likampigia makofi. Kijana wa nyuma akasema, "Mpe kesho." Mashine ikajibu hokes.

Kicheko kilichofuata kilikuwa kirefu, kwa sababu hakuna mtoto wa pwani, hata awe na miaka sita, anayeweza kusema hokes. Leo nayo ilitoka eol. Binti akanyamaza, akaitazama skrini, kisha akasema kitu ambacho kitabu chetu cha Kiingereza hakikuwahi kumfikisha: "Mwalimu, sikukata silabi. Nimekata herufi."

Hapo ndipo ugomvi wote wa sura hii ulipolala. Kompyuta ina herufi tu. Silabi ni yetu, tunaibeba sikioni, na kama tunataka mashine iione lazima tuieleze kwa maneno makavu yasiyo na "si unajua tu". Na Mswahili wa kawaida, ukimwuliza silabi ni nini, atakuonyesha kwa kupiga makofi. Kuieleza ni kazi nyingine.

Bahati yetu ni kwamba maandishi ya Kiswahili ni mepesi mno kwa kazi hii. Silabi zetu nyingi sana huishia na irabu. Basi sheria inaweza kuwa hii: tembea juu ya neno herufi kwa herufi, kila herufi itie kifukoni, ukikutana na irabu, funga kifuko, hiyo ni silabi, anza kifuko kipya. Kwa Python inakuwa hivi:

silabi = []
kifuko = ""
for herufi in neno:
    kifuko += herufi
    if herufi in "aeiou":
        silabi.append(kifuko)
        kifuko = ""

Mistari 7. Ipe nyumbani, utapata nyu, mba, ni. Ipe chakula, utapata cha, ku, la. Kesho inakatika ke na sho, leo inakatika le na o. Ukishakuwa na orodha ya silabi, kinyume ni kuchukua ya mwisho na kuitanguliza.

Ili uone tulivyopendelewa, tazama wenzetu. Mwaka 1983 Frank Liang, mwanafunzi wa Donald Knuth pale Stanford, alimaliza tasnifu yake ya uzamivu juu ya kuifundisha kompyuta mahali pa kukata maneno ya Kiingereza mwishoni mwa mstari. Ilikuwa kwa ajili ya TeX, programu ya Knuth ya kupanga vitabu. Ili kuyamudu maneno ya Kiingereza, Liang alihitaji ruwaza 4,447. Kukata neno mwishoni mwa mstari si sawasawa kabisa na kukata silabi, lakini ni ndugu wa karibu. Sisi tumeanza na irabu 5.

Natamani watunga mitaala wangelitazama hili kwa makini. Tunawafundisha watoto wetu kuchezea maneno kwa lugha ambayo tahajia yake imeachana na matamshi zamani, wakati tunayo lugha ambayo unaweza kuikata kwa mistari 7.

Kuna neno moja kuhusu ile += kwenye programu yetu. Katika Python mfuatano ukishaundwa haubadiliki. Huwezi kuingia ndani ya ndizi ukang'oa d ukaweka kitu kingine. Ni kama jina la kanga: likishachapwa limechapwa, hulirekebishi herufi, ukitaka maneno mengine unanunua kanga nyingine. Kwa hiyo kifuko kinapoongezwa herufi, mashine kwa hesabu ya lugha inatengeneza mfuatano mpya na kuupa jina lilelile. Wanaoanza wanaopuuza hili hujikuta wameamuru neno ligeuzwe kuwa herufi kubwa, halafu wanalichapisha na kulikuta vilevile, kwa sababu lililogeuzwa lilikuwa kanga nyingine ambayo hawakuipokea mkononi.

Baada ya silabi, zoezi la neno linalosomeka pande zote mbili likapata uhai. Kwa herufi ni rahisi: neno[::-1] inageuza neno zima, unalinganisha na la mwanzo. Vijana wakaanza kuwinda. Ama. Ada. Aga. Apa. Ewe. Alala. Mmoja akaja na ububu, darasa likamheshimu. Kisha yule binti wa hokes akauliza mbona yote yanaanza na irabu. Jibu alilipata mwenyewe kabla sijafungua mdomo: maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, kwa hiyo linalotaka kusomeka kinyumenyume lazima lianze na irabu pia. Tafuta utakavyo, hutapata la asili linaloanza na k. Programu ikitanguliwa na swali hilo moja, herufi ya kwanza ni irabu au siyo, itatupa nje sehemu kubwa ya kamusi kabla haijageuza neno hata moja.

Lakini uchu? Kwa sikio, u, ch, u: inasomeka pande zote mbili. Kwa mashine ni u, c, h, u, na kinyume chake ni uhcu, takataka. Na kaka? Mashine inageuza na kupata akak, inakataa. Ukigeuza kwa silabi, kaka inabaki kaka, dada inabaki dada, na popo anabaki popo hata akining'inia kichwa chini. Nani kasema kweli? Wote wawili, kila mmoja kwa kipimo chake, na asiyetaja kipimo chake ndiye aliyekosea.

Zoezi la kuhesabu irabu nilitaka kuliruka, maana linaonekana la kitoto kuliko yote. Nikalibakiza kwa sababu ya Andrei Markov. Tarehe 23 Januari 1913, mwanahisabati huyu wa Kirusi aliwasilisha mbele ya Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg kazi ambayo leo ingeitwa zoezi la wiki ya pili. Alikuwa amechukua herufi 20,000 za Eugene Onegin, riwaya ya kishairi ya Pushkin, akazihesabu kwa mkono: ipi irabu, ipi konsonanti, na kila moja imefuatwa na nini. Alipata irabu 8,638 na konsonanti 11,362. Mahali ambapo irabu imefuatwa na irabu palikuwa 1,104 tu. Kwa maneno mengine, ukijua herufi uliyosimama juu yake, tayari una fununu ya inayokuja. Wazo hilo, la hatua inayofuata kutegemea hatua uliyopo, limepewa jina lake, minyororo ya Markov, na limesambaa kila mahali, kuanzia fizikia mpaka mashine zinazokisia neno unalotaka kuandika kwenye simu. Alihesabu kwa peni na karatasi kile ambacho mtoto wetu anakihesabu kwa mistari minne na anaona kinachosha.

Nilitaka kuona kwa Kiswahili inakuwaje, nikatunga mstari wa kujaribia:

Leo nimekaa chini, nahesabu neno langu.

Herufi 32, irabu 16. Nusu kwa nusu, wakati Kirusi cha Pushkin kilikuwa na irabu asilimia 43. Mstari mmoja si ushahidi wa lugha nzima, na huu niliutunga mwenyewe. Chukua gazeti la leo, ulitie kwenye programu, uone linasema nini.

Wenye jicho la ushairi wameshauona mtego. Mstari huo una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao, kipimo cha shairi la kawaida. Na kwa sababu kila silabi ina irabu yake, kuhesabu irabu ni kuhesabu mizani. Ghafla zoezi la kitoto limekuwa chombo cha kazi: programu ya kumkagua malenga. Kijana mmoja, ambaye babu yake hutunga, akafurahi mno. Akaitia kazi, ikapitisha mstari wangu. Nikampa wa pili:

Mtu mzima hulia, mchana hata mjini.

Programu ikajibu: mizani 12. Umepungukiwa na 4.

Hesabu kwa vidole. M-tu-m-zi-ma-hu-li-a, nane. M-cha-na-ha-ta-m-ji-ni, nane. Mstari umekamilika. Zilizopotea ni zile m nne, ambazo kila moja ni silabi kamili na haina irabu yoyote. Kwa kosa hilohilo, programu yetu ya kinyume ilikuwa inalirudisha neno mtu kama lilivyo, mtu, kwa kuamini lina silabi moja.

Tukaongeza sheria: m ikifuatwa na konsonanti isiyo b wala w, ifunge kifuko peke yake. Mwalimu ana mw, huyo aachwe. Kisha sheria nyingine kwa maneno mafupi: neno lenye irabu moja tu likianza na m au n mbele ya konsonanti, herufi hiyo ya kwanza ni silabi. Hapo tukazipata nchi, nta, nne, nge na mbwa. Mara akaibuka nywa, ambaye n yake si n bali nusu ya ny, tukalazimika kumwekea ulinzi. Kila sheria inaleta mgeni wake mlangoni. Maktaba na labda, kwa mfano, hazisumbui hesabu, irabu zao zinatosha. Ila mistari 7 yetu ya mwanzo inakata ma-kta-ba, na hakuna mwalimu wa Kiswahili atakayekubali hiyo kta. Vitabu vyetu vinasema mak-ta-ba, silabi funge, mali ya maneno yaliyotoka Uarabuni na kwingineko.

Niseme kidogo juu ya ritifaa, ile alama ya juu inayokaa baada ya ng katika ng'ombe, kwa sababu ina kisa na mimi. Andika 'ng'ombe' ndani ya Python ukitumia alama moja za kufungia, na mashine itadhani neno limeishia kwenye ng. Ombe itaonekana imeanguka kutoka mbinguni, na programu itakataa hata kuanza. Dawa ni kufungia kwa alama mbili, "ng'ombe". Kwa mashine neno hilo lina urefu wa 7, maana ritifaa nayo ni herufi kama nyingine, namba 39 katika ASCII. Mkataji wetu wa silabi alilimudu bila kufundishwa, ng'o na mbe.

Tatizo liko mitaani. Niliwahi kumsaidia jamaa yangu kujisajili katika mfumo fulani wa mtandaoni. Jina lake la ukoo ni la Kisukuma, linaanza na Ng'w. Mfumo ukajibu kwa maandishi mekundu kwamba jina lina alama isiyoruhusiwa. Aliyetuhudumia akashauri aiondoe tu. Akaiondoa, na tangu siku hiyo ana jina moja kwenye cheti cha kuzaliwa na jingine kwenye mfumo, na kila ofisi inamuuliza yeye ni nani kati ya hao wawili. Aliyeandika programu ile alikuwa ameorodhesha herufi zinazokubalika, A mpaka Z, akaona amemaliza. Alikuwa mtu wa hapahapa, wala hakuhitaji kwenda mbali kumpata mtu mwenye Ng' kwenye jina.

Na hata ritifaa ikiruhusiwa, zipo zaidi ya moja. Ile iliyonyooka ya kibodi ni namba 39. Simu nyingi huigeuza zenyewe kuwa iliyopinda, ambayo ASCII haina. Hiyo inatoka katika jedwali kubwa la Unicode, lililoanza mwaka 1991 na leo lina alama zaidi ya 150,000, zikiwemo za Kiarabu ambazo Kiswahili kiliandikwa kwazo karne nyingi kabla ya hizi za Kirumi. Jicho haliioni tofauti ya ritifaa hizo mbili. Kompyuta ikiulizwa kama ng'ombe wawili ni sawa, mmoja wa ritifaa nyoofu na mwingine wa iliyopinda, itasema hapana. Kuna gharama pia. Ujumbe mfupi wa simu unachukua herufi 160 ukitumia alfabeti ya kawaida ya GSM, na ritifaa nyoofu imo humo. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unabadilishwa utaratibu na nafasi zinashuka kutoka 160 hadi 70. Shirika linalowatumia wafugaji ujumbe wa herufi 100 kuhusu chanjo ya ng'ombe linaweza kulipia ujumbe mara mbili kwa kila mfugaji kwa sababu ya mkunjo wa alama moja. Mstari mmoja wa kubadilisha ritifaa iliyopinda kuwa nyoofu unalimaliza jambo hilo.

Sasa ile b niliyoiruka.

Tuliposema m isiyofuatwa na b, tulikuwa tunakimbia. Mbuzi ana silabi mbili, mbu-zi. M na b zimeshikana, zinatoka pamoja. Lakini alimbeba ni a-li-m-be-ba, m imesimama peke yake kwa sababu ni ya mtu aliyebebwa. Chukua mbaya. Mtu mbaya: m-ba-ya, silabi tatu, m ya ngeli ya watu. Nyumba mbaya: mba-ya, silabi mbili. Herufi zilezile, mpangilio uleule, 109, 98, 97, 121, 97, na mizani tofauti. Mfuatano wenyewe hauna habari hiyo ndani yake. Ukiupasua, ukiugeuza, ukiuhesabu namna yoyote, hutaikuta. Iko kwenye neno la jirani.

Kijana wa babu malenga akasema basi programu itazame jirani. Ikiona mtu, ikate m. Ikiona nyumba, isikate. Tukaanza kuandika orodha ya majina na ngeli zake, na ilipofika saa tatu na nusu ilikuwa imejaza ubao. Ilikuwa inafanya kazi, kwa kiasi. Kisha yule binti akasimama, akaandika chini ya orodha: mbuni.

Mbuni ni ndege, mbu-ni. Mbuni ni mti wa kahawa, m-bu-ni. Mbuni ni mtu anayebuni vitu, m-bu-ni vilevile. Mti tuliuwahi, kwa sababu mbuni umekauka na mbuni amechoka ni sentensi mbili tofauti. Kiambishi cha kitendo kinasema. Lakini mbuni huyu anakimbia sana? Ndege au mtu? Jirani wa kushoto hasemi, wa kulia hasemi. Anayejua ni aliyesikia sentensi iliyotangulia, au aliyesimama hapo akimwona huyo anayekimbia kama ana manyoya.

Programu yetu bado iko, na mpaka leo ikikutana na mbuni inasimama kumuuliza aliyekaa mbele yake: ndege au mtu? Msomaji ukipata sheria inayoweza kuinyamazisha, ijaribu kwanza kwa mbuni huyu anayekimbia, kisha utuletee.